Nomino Ndefu za Kiingereza Zisomwe Kutokea Mkiani

Neno internationalization lina herufi 20. Watengenezaji wa programu za kompyuta walichoka kuliandika lote, wakalifupisha kuwa i18n: herufi ya kwanza, herufi ya mwisho, na katikati hesabu ya zile 18 zilizoachwa. Wao ufupisho huo unawatosha kwa kuwa neno wanalijua tayari. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana ruhusa hiyo. Akilikuta kitabuni anatakiwa alitamke, aliandike bila kudondosha herufi, ajue pa kulikatia mstari ukijaa, na zaidi ya yote aelewe limeundwaje. Wengi wetu tulifundishwa kuyafanya hayo yote kwa njia moja tu, nayo ni kukariri. Naamini kukariri huko ndiko kunakowachelewesha wanafunzi wetu. Neno la namna hii lina utaratibu wake, na sehemu kubwa ya utaratibu huo mzungumzaji wa Kiswahili anaufahamu tayari kutokana na somo la Kiswahili. Hajaambiwa tu kwamba anaufahamu.

Tatizo huanzia kwenye swali lenyewe. Mwalimu anaposema "ligaweni neno hili", anauliza maswali matatu kwa mpigo. Neno hugawanyika kwa sauti, na hapo tunapata silabi. Hugawanyika kwa maandishi, pale mchapaji anaporuhusiwa kuweka kistari na kuhamia mstari wa chini. Hugawanyika pia kwa maana, na hapo tunapata mofimu. Mikato hii mitatu hukutana mahali pachache, na anayedhani ni mkato mmoja atahangaika na yote mitatu.

Tuanze na sauti. In-ter-na-tion-al-i-za-tion: silabi nane. Kuzihesabu si kazi ngeni kwa mtu aliyepita kwenye ushairi wetu. Malenga wa pwani walihesabu mizani karne nyingi kabla Sheikh Kaluta Amri Abedi hajachapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na mizani si kitu kingine ila silabi: nane kwa kipande, 16 kwa mshororo wa shairi lililozoeleka. Neno hili moja la Kiingereza linajaza kipande kizima.

Ila mizani zetu hulingana. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, kama katika ta-i-fa na ki-ta-bu, isipokuwa pale nazali inaposimama peke yake katika m-tu na m-bwa, au katika maneno ya mkopo kama lab-da na il-ha-li. Irabu hutamkwa kamili, iwe na mkazo au isiwe nao. Kiingereza hakina usawa huo. Neno strengths lina herufi tisa na ni silabi moja tu. Katika neno refu, silabi moja au mbili hubeba uzito, zilizobaki husinyaa. Mwingereza akilitamka internationalization, irabu za ter, tion, al na tion ya mwisho zote hugeuka sauti moja fifi, si a wala si e, ambayo wanaisimu huiita shwa. Hiyo ni nusu ya silabi za neno zima. Mmarekani huongeza ya tano, kwa sababu ile i ambayo Mwingereza huitamka "ai", yeye huififisha pia. Tena msemaji akiongeza kasi, irabu ya tion ya kwanza humezwa kabisa, national ikasikika "nashnal", na silabi nane zikawa saba. Kwa hiyo mwanafunzi aliyesikia saba na mwalimu aliyehesabu nane wanaweza wote kuwa wamesema kweli.

Mkato wa maandishi una historia ya kuvutia, ingawa kwa msomaji wa leo una uzito mdogo kuliko mingine miwili. Noah Webster, mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu chake cha tahajia mwaka 1783, na vizazi vya watoto wa nchi ile vikajifunza kusoma kwa maneno yaliyokatwa silabi silabi. Webster alitaka mkato ufuate sikio: hab-it, si ha-bit, kwa kuwa ile a ni fupi na hufungwa na konsonanti. Tion nayo aliihesabu silabi moja kama inavyosikika, ijapokuwa enzi za Shakespeare mshairi aliweza kuihesabu mbili. Wachapaji wa Uingereza kwa desturi walielemea zaidi kwenye asili na muundo wa neno. Ndiyo maana kitabu cha Marekani hukata knowl-edge, na cha Uingereza hukata know-ledge.

Kompyuta zilipoanza kupanga vitabu, ugumu huu ulijitokeza wazi. Mwaka 1983 Franklin Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu namna kompyuta inavyoweza kukata maneno ya Kiingereza. Alihitaji ruwaza zipatazo 4,500, na hata hivyo programu yake iliweza kupata asilimia 89 tu ya mahali panapokatika katika orodha ya maneno ya kamusi ndogo. Kwingine iliachwa inyamaze, kwani mstari wenye nafasi tupu ni afadhali kuliko neno lililokatwa ovyo. Kiswahili hakihitaji ruwaza maelfu. Ukikata baada ya irabu, mara nyingi umemaliza kazi.

Kwenye maana ndiko kuna utajiri. Inter, nation, al, iz, ation: vipande vitano. Vyote vina asili ya Kilatini, isipokuwa -ize, ambayo chimbuko lake ni Kigiriki na ilifika Uingereza kwa kupitia Kilatini na Kifaransa. Nation yenyewe hutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzaliwa, yaani taifa lilianza likiwa watu wa uzao mmoja. Kipande cha international kina mtunzi anayejulikana, jambo ambalo ni nadra kwa neno lililoenea hivi. Ni Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa sheria wa Uingereza, katika kitabu chake kuhusu misingi ya maadili na utungaji wa sheria, kilichopigwa chapa mwaka 1780 na kutolewa kwa wasomaji mwaka 1789. Alitafuta namna ya kuziita sheria zinazosimamia uhusiano wa dola na dola, na mwenyewe alikiri hapo hapo kwamba neno alilolitumia ni jipya. Leo neno hilo liko kwenye mabango ya viwanja vya ndege, shule na benki dunia nzima, na wachache wanajua kwamba liliwahi kuhitaji maelezo.

Ukishavitenga vipande, usidhani vilipangwa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Nation ilipata -al, ikawa sifa: national. Sifa hiyo ikapata inter- mbele: international. Ndipo -ize ikaigeuza kitenzi, na -ation ikakigeuza kitenzi kuwa nomino. Badilisha mpangilio huo, maana inaharibika. Ukiunda nationalization kwanza, kisha ukabandika inter- juu yake, utapata utaifishaji unaofanyika baina ya nchi na nchi, na hiyo siyo maana ya neno hili. Tazama denationalization: kwa macho linafanana sana na lile la kwanza, lakini de- imebandikwa kwenye kitenzi nationalize, kwa maana ya kurudisha mikononi mwa watu binafsi kile ambacho dola ilikitwaa. Maneno mawili yana mkia mmoja, kila moja limejengwa kwa njia yake, na anayehesabu vipande bila kuuliza kipi kilitangulia hataiona tofauti.

Hapa ndipo mwanafunzi wetu ana akiba ambayo haitumiki. Nationalization kwa Kiswahili ni utaifishaji, na nchini Tanzania jambo lenyewe lilivuma Februari 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 na benki zikatwaliwa na serikali siku iliyofuata. Lifumue neno letu: taifa, kisha taifisha, kisha utaifishaji. Kazi inayofanywa na -ize, kwetu inafanywa na -ish-. Kazi ya -ation inafanywa na u- mbele pamoja na -ji nyuma. Nomino ikazaa kitenzi, kitenzi kikazaa nomino, hatua kwa hatua kama kule. Hata ule mgongano wa silabi na mofimu, ambao huwakanganya wanafunzi wanapousoma kwa Kiingereza, ni uleule. Katika ta-i-fi-sha, mofimu -ish- imepasuliwa: i imekwenda na f ya mzizi, na sh imekwenda na a ya mwisho. Katika internationalization, i ya -iz- imebaki silabi peke yake, na z imehamia kwenye za. Mwanafunzi aliyefundishwa uambishaji na unyambulishaji hana sababu ya kuogopa somo hili. Amekwisha kulipita kwa mlango mwingine.

Sasa mkazo, ambao ndio kiini cha uchambuzi huu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ta-I-fa, ta-i-FI-sha, u-ta-i-fi-SHA-ji. Vighairi ni vichache, na kinachokumbukwa zaidi ni ba-RA-ba-ra yenye maana ya sawasawa dhidi ya ba-ra-BA-ra wanayopita magari. Angalia vizuri hizo hatua tatu za taifa: mkazo umehama kila neno lilipoongezwa kiungo. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa mara kwa mara, kwamba mkazo unaohama ni jambo geni kwa Mswahili. Geni ni kanuni inayouhamisha.

Weka ukoo wa nation mbele yako. NA-tion. NA-tion-al. NA-tion-hood. NA-tion-al-ist. NA-tion-al-ize. Hadi hapo mkazo umetulia mwanzoni. Halafu na-tion-AL-i-ty, na baadaye na-tion-al-i-ZA-tion. Mzizi ni mmoja, kilichobadilika ni mkia. Kiingereza kina mikia inayouacha mkazo mahali ulipo na mikia inayouvuta. Inayouacha ni kama -hood, -ness, -ship, -ment, -ist, -ism na -ize: GOV-ern huzaa GOV-ern-ment, HAP-py huzaa HAP-pi-ness. Inayouvuta ni kama -ity, -ic, -ian na -tion, nayo huuleta kwenye silabi iliyo kabla yake moja kwa moja. -Ation huja na silabi yake ya kukazwa, ile a ya mwanzo. OR-gan-ize ikipata -ation huwa or-gan-i-ZA-tion, na res-PON-si-ble ikipata -ity huwa res-pon-si-BIL-i-ty. Mgawanyiko huu una mizizi katika historia. Mikia kadhaa inayotulia, kama -hood, -ness na -ship, ni ya Kiingereza cha asili, lugha ya jamii ya Kijerumani. Inayovuta iliingia na Kifaransa cha Wanormani walioitwaa Uingereza mwaka 1066, na baadaye na Kilatini cha wasomi. Mpaka baina ya makundi hayo hauko safi kabisa, lakini unasaidia kuliko kukariri maneno elfu moja.

Mkazo ukihama, hauhami peke yake. Irabu iliyokazwa hupata sauti kamili, iliyoachwa hufifia. Al ya national haisikiki vizuri, ilhali al ya nationality inasikika wazi. Na ya nation hutamkwa "nei", lakini katika national a yake ni fupi, kama ilivyo kwa sane na sanity. Noam Chomsky na Morris Halle, katika kitabu chao cha mwaka 1968 kuhusu ruwaza za sauti za Kiingereza, walitetea tahajia ya lugha hiyo ambayo watu wengi huilaumu. Hoja yao ni kwamba tahajia hiyo huhifadhi udugu wa maneno hata pale matamshi yanapoachana. Nakubaliana nao, na hoja hiyo ina faida ya moja kwa moja darasani. Mwanafunzi asiyejua kama national huandikwa kwa al au el, kwa sababu irabu imefifia, na amtafute ndugu ambaye kwake silabi hiyo imekazwa. Nationality itampa jibu bila kamusi.

Kuna bahati moja ambayo sijaona walimu wakiitaja. Nomino za -tion na -sion hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale ambapo mazoea ya Kiswahili yangeupeleka mkazo. E-du-CA-tion, e-LEC-tion, in-ter-na-tion-al-i-ZA-tion. Maelfu ya nomino ndefu za Kiingereza huishia hivyo, na Mswahili hupatia mkazo wake mkuu bila kufundishwa. Television ni mojawapo ya yaliyokataa, mkazo wake mkuu kwa kawaida huwa mwanzoni.

Shida iko kwa -ity, -logy, -graphy na -cracy, ambako mkazo hukaa silabi ya tatu kutoka mwisho. Hapo mazoea yetu hutupotosha, tena hutupotosha zaidi pale ambapo neno tumelikopa. Sisi husema demokra-SI-a, wao de-MOC-ra-cy. Sisi biolo-JI-a, wao bi-OL-o-gy. Sisi jiogra-FI-a, wao ge-OG-ra-phy. Kukopa kwenyewe hakuna kosa: Kiswahili kilipolichukua HOS-pi-tal kikaongeza irabu mwishoni, kikalikaza hospi-TA-li kwa sheria zake, na ni haki yake. Kosa hutokea mwanafunzi anaporudi kwenye Kiingereza na mkazo wa Kiswahili mdomoni, akasema demo-KRA-si, na msikilizaji aliyezoea mkazo wa tatu kutoka mwisho akabaki anatafuta neno gani limesemwa.

Je, inafaa kuhangaika na haya yote wakati Mnyamwezi, Mluo na Mganda wakizungumza Kiingereza wao kwa wao wanaelewana vizuri? Swali hili ni la haki. Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa, alipendekeza kiini cha mambo ya matamshi ambayo wageni wanapaswa kuyazingatia ili waelewane. Shwa aliiacha nje ya kiini hicho, na mkazo wa neno pia. Kuhusu shwa namuunga mkono kwa moyo wote. Mwafrika wa Mashariki anayetamka irabu zote nane za internationalization kwa ukamilifu hajamkosea mtu, na mwalimu anayemkatiza ili azimeze anapoteza muda wa darasa. Kuhusu mkazo siwezi kumfuata. Mwanafunzi wetu hazungumzi tu, anasikiliza pia: mihadhara ya chuo, video, mahojiano ya kazi. Silabi iliyokazwa ndiyo inayomfikia kwa uwazi pale nyingine zinapofifia. Kama anaitarajia mahali pasipo pake, neno analolijua vizuri kwa maandishi litampita sikioni.

Nchini Kenya mtihani wa KCSE huliuliza jambo hili kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza, ambako mtahiniwa hutakiwa kuonyesha silabi yenye mkazo, au kutofautisha RE-cord ya nomino na re-CORD ya kitenzi. Ni vyema kwamba linaulizwa. Kwa bahati mbaya linajibiwa kwa kalamu, kimya kimya, na anayefundishwa kwa ajili ya mtihani huishia kukariri orodha ya maneno yaliyopigiwa mstari. Orodha haimsaidii na neno ambalo halimo.

Kanuni ya mkia humsaidia, na inaweza kupimwa kwa neno ambalo karibu hakuna anayelitumia kwa shughuli ya kweli. Antidisestablishmentarianism, herufi 28, lilihusu msimamo wa waliopinga Kanisa la Uingereza kutenganishwa na dola, katika enzi ambapo sheria ya mwaka 1869 ililitenganisha kanisa la Ireland na dola, na Wales ikafuata kwa sheria ya mwaka 1914 iliyoanza kutumika mwaka 1920. Mwaka 1955 msichana wa miaka 12 aliliandika kwa usahihi katika shindano la maswali kwenye televisheni ya Marekani, na nchi nzima ikamshangilia. Mpe mwanafunzi neno hilo aanzie nyuma. Ism haigusi mkazo, airuke. Arian huukaza mwanzo wake, kama katika li-BRAR-i-an na veg-e-TAR-i-an, basi hapo pana mkazo mkuu: tar. Mbele yake kuna establish yenye ment, na tab yake hubaki na mkazo mdogo. Dis na anti ni viambishi awali vya kukanusha na kupinga. Silabi 12, mofimu sita, na hakuna kilichokaririwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwalimu wa Kiingereza. Somo likifika kwenye neno refu, usianze na tahajia. Andika mzizi ubaoni, chini yake andika neno lililoongezwa kiungo kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, na kwa kila hatua wanafunzi walitamke kwa sauti na kupiga kofi penye mkazo. Kando yake andika taifa, taifisha, utaifishaji, na uwaache waupigie kofi mkazo wa lugha yao pia. Kipindi kimoja kinatosha kuanza, na hakihitaji kitabu kipya wala kifaa chochote zaidi ya ubao na chaki.